Nani Alikosa? Moto wa Kale, Tope la Hanang na Imani Yetu

Yaeda Chini hakuna volkano. Kuna bonde tambarare, kinamasi kinachojaa wakati wa mvua na kukauka wakati wa kiangazi, chumvi inayobaki juu ya udongo jua linapowaka, na miinuko pande mbili: magharibi vilima vya Kideru, mashariki ukuta wa nyanda za juu za Mbulu. Katika bonde hilo wanaishi Wahadzabe, ambao tangu zamani za kale wamekula asali, mizizi, ubuyu na nyama ya porini. Humo Wadatoga wanachunga ng'ombe, na Wairaqw wanateremka kutoka juu kutafuta mashamba. Ukiuliza habari za volkano hapo utaelekezwa mbali: kaskazini kwenye Oldeani na Ngorongoro, au kusini-mashariki kwenye Mlima Hanang.

Hata hivyo bonde la Yaeda na Mlima Hanang ni ndugu wa tumbo moja. Ufa uliolitelemsha bonde ndio uliofungua njia ya moto ulioujenga mlima. Kwa watu wa wilaya za Mbulu na Hanang habari hiyo ilikuwa somo la jiografia tu, jambo la kukariri kwa ajili ya mtihani. Tangu Desemba 2023 imekuwa habari ya misiba, na pamoja nayo limekuja swali ambalo wachungaji na makatekista wengi wameulizwa: je, Mungu alikuwa anatuadhibu?

Swali hilo haliwezi kujibiwa vizuri na mtu asiyejua mlima wenyewe ulitoka wapi na umeifanyia nini nchi hii. Kwa hiyo tuanze na lililotokea, kisha turudi nyuma kwenye historia, na mwisho tulikabili swali lenyewe.

Asubuhi ya Majilio

Tarehe 3 Desemba 2023 ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, siku ambayo Kanisa linaanza kungojea kuzaliwa kwa Bwana. Mvua za msimu huo zilikuwa kubwa kupita kawaida, kwa kuwa ulikuwa mwaka wa El Nino. Asubuhi mapema, wakati watu wengine wakiwa bado wamelala na wengine wakijiandaa kwenda ibadani, tope zito lilishuka kutoka Mlima Hanang likibeba mawe makubwa na magogo ya miti. Lilipita katika mji mdogo wa Katesh na katika vijiji vya jirani kama Gendabi na Jorodom. Nyumba zilizolewa, barabara zikafukiwa, mifugo ikapotea. Kwa hesabu iliyotolewa na serikali, watu 89 walipoteza maisha. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi, alikatisha safari yake akaja Katesh kuwafariji waliobaki.

Habari za kwanza zilizosambaa zilisema volkano imelipuka. Hofu hiyo ilieleweka, maana kila mtoto wa shule anajua kwamba Hanang ni mlima wa volkano. Wataalamu walipoukagua mlima, serikali ikaeleza kupitia Msemaji wake Mkuu, Mobhare Matinyi, kwamba hapakuwa na mlipuko wa volkano wala tetemeko la ardhi. Sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilikuwa imenyonya maji mengi, ikamomonyoka, na kipande hicho kilipovunjika kikageuka tope lililofuata njia za maji hadi chini.

Maelezo hayo yalikuwa sahihi, lakini hayakumaliza mazungumzo. Wengine walisema mlima umekasirika. Wengine walitaja dhambi za mji. Wengine walikumbuka Sodoma na Gomora. Mfiwa aliyesikia maneno hayo alibeba mizigo miwili: msiba wake, na shaka kwamba marehemu wake alistahili kufa hivyo.

Ufa na moto

Chini ya ganda la dunia kuna mwamba wenye joto kali sana. Watu wengi hudhani kwamba chini ya miguu yetu kuna bahari ya moto wa majimaji. Kwa kweli sehemu kubwa ya mwamba huo ni ngumu, ingawa unasogea polepole mno, kwa sababu uzito wa miamba iliyo juu yake unauzuia usiyeyuke. Ganda likivutwa huku na huku linakuwa jembamba, uzito unapungua, mwamba wa chini unapanda, na sehemu yake inayeyuka na kuwa uji wa moto. Uji huo ni mwepesi kuliko miamba inayouzunguka, kwa hiyo unatafuta nyufa na kupanda. Ukiwa na gesi nyingi hulipuka kama soda iliyotikiswa chupani, na kurusha majivu na mawe. Ukiwa na gesi kidogo humiminika na kutiririka. Uji na majivu yakirundikana mara nyingi mahali pamoja, mlima unazaliwa.

Afrika Mashariki inavutwa namna hiyo kwa mamilioni ya miaka, milimita chache tu kila mwaka. Ndiyo asili ya Bonde la Ufa. Lakini katikati ya Tanzania, kuanzia Dodoma kwenda Ziwa Victoria, kuna mwamba wa kale sana, wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu, mgumu na mnene. Ufa ulipotoka Kenya na kufika kwenye ukingo wa mwamba huo haukuweza kuupasua kwa mstari mmoja. Uligawanyika kama mto unaokuta jabali. Tawi moja lilielekea Eyasi, na bonde la Yaeda liko upande huo. Jingine lilipita Natron, Manyara na Balangida, hadi chini ya Hanang. La tatu lilielekea Pangani.

Katika pembe hiyo ya matawi ndipo ilipoota milima yetu ya moto. Ngorongoro ulikuwa mlima mkubwa. Zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita kilele chake kilitumbukia ndani, likabaki shimo lenye upana wa kilomita zipatazo 20 na kina cha mita zipatazo 600, ambalo leo limejaa wanyama. Oldeani, Meru na Kilimanjaro ni wa ukoo huo huo. Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, unasimama peke yake upande wa kusini, na hakuna kumbukumbu iliyoandikwa ya mlipuko wake. Ule unaowaka bado hapa Tanzania ni Ol Doinyo Lengai, karibu na Ziwa Natron, ambao Wamasai wanauita Mlima wa Mungu.

Moto unaolisha

Kaskazini ya Ziwa Eyasi kuna mahali panapoitwa Laetoli. Miaka milioni 3.66 iliyopita majivu ya volkano yalifunika ardhi hapo, mvua ikayalowesha, na viumbe waliotembea kwa miguu miwili kama sisi wakapita juu yake. Majivu yakakauka na kuwa magumu kama saruji, kisha yakafunikwa na majivu mengine. Nyayo hizo zilizoonekana mwaka 1978 na timu ya Mary Leakey ni miongoni mwa ushahidi mkongwe zaidi duniani wa mwendo wa namna yetu. Volkano ndiyo iliyotutunzia kumbukumbu hiyo, na inatuambia kwamba tangu mwanzo kabisa maisha hapa yalikuwa karibu na moto.

Sababu ni rahisi kueleza. Majivu ya volkano yana madini mengi ambayo mimea inayahitaji, kama potasiamu, kalisiamu na fosforasi. Yakichakaa kwa mvua na hewa yanakuwa udongo mwepesi, wenye vitundu vingi, unaonyonya maji na kuyashika. Mlima wenyewe unazuia mawingu, msitu wake unakusanya ukungu, na vijito vinashuka kuwanywesha watu wa chini. Kahawa ya Oldeani, maharage na mahindi ya Karatu, ngano ya Hanang: vyote hivi vinakula mezani pa volkano.

Neema ikiwa kubwa, binadamu huigombania. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, shirika la serikali la NAFCO lilianzisha mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu, ambayo baadaye yalienea hadi ekari zipatazo 100,000. Nyanda hizo ndizo zilizokuwa malisho bora ya Wabarabaig, ambao ni Wadatoga wa Hanang. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Walishinda Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani ikawanyima ushindi huo mwaka 1985. Tunaitaja habari hii kwa sababu katika mjadala wa dhambi na mlima ni rahisi kutafuta dhambi za siri za majirani na kusahau maswali ya haki yaliyo wazi: ardhi iliyorutubishwa na Mungu kwa miaka milioni nzima, nani anaila na nani anafukuzwa?

Moto unaodhuru

Lakini kutoka moto huo huo yanakuja madhara, na mengine ni ya polepole. Eyasi, Balangida, Manyara na Natron ni maziwa yasiyo na mto unaotoka kwenda baharini. Maji yanayoingia yanasafisha madini kutoka miamba ya volkano, jua linayakausha, na chumvi na magadi yanabaki. Flamingo wadogo wananufaika: Natron ndipo wanapozaliana zaidi kuliko mahali pengine popote Afrika Mashariki. Mkulima hanufaiki.

Tena kuna floraidi. Katika sehemu nyingi za Arusha, Manyara na Singida maji ya visima na chemchemi yana floraidi nyingi kutoka miamba hiyo. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi sana kwa miaka mingi, meno ya watoto yanakuwa ya kahawia na mifupa inapinda. Mtoto wa namna hiyo huchekwa akisafiri kwenda mikoa mingine, kana kwamba hapigi mswaki. Hakufanya kosa lolote. Alikunywa maji ya nyumbani kwao.

Madhara mengine ni ya ghafla. Julai 2007 matetemeko yalitikisa eneo la Natron hadi yakasikika Nairobi, na Septemba Lengai ukalipuka na kumwaga majivu juu ya malisho. Familia za wafugaji zikalazimika kuhama na mifugo yao. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilipasuka ubavuni, na uji wake, ambao ni mwepesi sana na una mbio, ukaingia katikati ya mji wa Goma. Watu wapatao 400,000 walikimbia. Kanisa kuu la Wakatoliki liliteketea pamoja na maduka na nyumba za watu. Milipuko mikubwa kabisa hugusa hata hewa ya dunia nzima: salfa ya Pinatubo, Ufilipino, mwaka 1991 ilipunguza joto la dunia kwa kiasi cha nusu nyuzi kwa muda.

Na mlima hauhitaji kulipuka ili uue. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki wa Mlima Meru ulibomoka, na tope lake likaenea hadi kwenye miteremko ya chini ya Kilimanjaro. Mabonde yaliyobaki juu ya kifusi hicho ndiyo yanayoshika maziwa ya Momella, ambako leo watalii wanapiga picha. Mlima wa volkano umejengwa kwa tabaka za majivu laini na uji mgumu, moja juu ya nyingine, kwenye mteremko mkali. Ukizeeka, miamba yake huoza. Maji yakijaa ndani, tabaka la juu huteleza.

Hapo ndipo tunapoielewa asubuhi ya Katesh. Udongo wa Hanang unastawisha mazao kwa sababu ni mwepesi na unanyonya maji. Mteremko wa Hanang uliporomoka kwa sababu miamba yake ni dhaifu na ilinyonya maji. Sifa iliyotulisha miaka yote ndiyo iliyotuumiza siku moja. Mlima haukuwa na tabia moja Jumamosi na nyingine Jumapili.

Nani alikosa?

Sasa turudi kwa mfiwa na swali lake. Kwa kuwa wako wanaosema mlima ni fimbo ya Mungu kwa wenye dhambi, tuipime hoja hiyo kwa historia na kwa Injili.

Kwa historia, tutazame mji wa Saint-Pierre katika kisiwa cha Martinique, baharini karibu na Amerika. Tarehe 8 Mei 1902 ilikuwa sikukuu ya Kupaa kwa Bwana. Asubuhi hiyo Mlima Pelée ulirusha wingu la gesi na majivu ya moto, nalo likaufunika mji kwa dakika chache. Waliokufa ni watu wapatao 28,000: wafanyabiashara na watumwa wa pombe, mapadre na watoto, pamoja na waumini waliokuja kusali. Miongoni mwa wachache sana walionusurika ni Louis-Auguste Cyparis, mfungwa aliyekuwa amefungiwa katika chumba cha jela chenye kuta nene. Kama volkano ingekuwa mahakama ya Mungu, hukumu hii tungeielezaje? Mfungwa aliachiwa na waabuduo wakachomwa. Wingu lilifuata mteremko, na ukuta mnene ukalizuia. Haki haikutendeka pale, wala dhuluma. Mwendo wa mwamba na gesi hauna jicho la kuona moyo wa mtu.

Kwa Injili, tusome Luka sura ya 13. Watu walimletea Yesu habari za mauaji ya Wagalilaya, naye mwenyewe akaongeza msiba mwingine: mnara wa Siloamu uliowaangukia watu kumi na wanane. Aliuliza kama hao walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wote wa Yerusalemu, na jibu lake lilikuwa hapana. Katika Yohana sura ya 9 wanafunzi walipotaka kujua dhambi ya nani ilimfanya mtu azaliwe kipofu, aliwakatalia vile vile. Basi Mkristo anayesimama juu ya kaburi la Katesh na kusema marehemu alistahili, anasema jambo ambalo Bwana wake amelikataa mara mbili.

Ni kweli, na tusilifiche, kwamba katika Luka 13 Yesu anaendelea kuwaita watu watubu. Lakini angalia anawaita nani. Anawaambia waliosimama wakisimuliana habari, yaani walio hai. Msiba wa mwingine haunipi mimi kiti cha hakimu. Unanipa muda ambao yeye hakuupata, na ninaulizwa nitaufanyia nini.

Mtu atauliza: na Sodoma je? Maandiko yanasimulia hukumu zilizotangazwa na Mungu mwenyewe. Hayatupi sisi ruhusa ya kutangaza hukumu kila ardhi inaposogea. Eliya pale Horebu aliona upepo uliopasua miamba, tetemeko na moto, na Maandiko yanasema wazi kwamba Bwana hakuwamo katika vitu hivyo. Sauti ilikuja baadaye, ndogo na tulivu. Nabii alihitaji kungoja ndipo asikie. Wengi wetu tulisema kabla mvua haijakatika.

Toba ya walio hai

Toba hiyo katika nchi ya volkano ina kazi za mikono. Kwanza, kuijua ardhi. Korongo lililokauka chini ya Hanang ni njia ya maji hata kama halijapitisha maji tangu tuzaliwe, na mzee anayekumbuka lilipopita tope zamani anapaswa kusikilizwa kabla ya kiwanja kupimwa. Baada ya msiba nyumba mpya zilijengwa kwa ajili ya familia zilizopoteza makazi, katika eneo jingine la wilaya. Ni jambo jema. Jema zaidi ni kutojenga tena katika njia ile ile miaka ishirini ijayo, wakati viwanja vitakapokuwa ghali na kumbukumbu zimefifia. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu haugusiki kwa mikono, lakini tunaweza kuchagua mahali pa kuweka ukuta.

Pili, kuutunza msitu. Mizizi haiwezi kuzuia kila poromoko, hasa linaloanzia juu kabisa kwenye mwamba uliooza, lakini mteremko ulio mtupu humomonyoka upesi kuliko wenye miti. Hapa Yaeda inatoa fundisho. Mwaka 2011 Wahadzabe walipata hati ya kimila ya pamoja kwa zaidi ya hekta 20,000 za bonde lao, na tangu hapo vijiji vya huko vimekuwa vikilinda miti yao na kulipwa kwa hewa ukaa ambayo miti hiyo inaihifadhi. Watu ambao wengi waliwadharau kwa kuwa hawalimi wamewaonyesha wakulima namna ya kuuacha msitu usimame.

Tatu, kumhudumia aliyeumizwa na ardhi bila kumwuliza kosa lake. Katika Bonde la Ufa la Kenya, Jimbo Katoliki la Nakuru liliunda mpango wa kuondoa floraidi katika maji kwa kutumia mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, na hapa kwetu kituo cha Ngurdoto kimefundisha njia hiyo hiyo. Huo ni ushuhuda wa imani usiohitaji mahubiri marefu: mtoto anakunywa maji safi, na meno yake yanaota meupe.

Nne, kuomboleza pamoja. Wafiwa wa Hanang hawajamaliza kulia kwa sababu magazeti yameacha kuandika. Kila mwaka Majilio yatakaporudi, katika nyumba nyingi za Katesh na Gendabi kuwashwa kwa mshumaa wa kwanza kutakuwa pia ukumbusho wa waliozikwa. Makanisa ya Mbulu, Haydom na Dongobesh, na ya Yaeda Chini bondeni, yawataje marehemu hao katika sala za Jumapili hiyo, bila kuongeza neno lolote kuhusu sababu. Sababu tunaijua: mvua nyingi, mwamba mzee, mteremko mkali. Linalobaki kwetu ni kuwakumbuka, kuwatunza watoto waliowaacha, na kuishi juu ya udongo huu kwa shukrani na kwa tahadhari.